Ua la Juu ya Mlango

Ukuta ulianza kuvaa saa sita na dakika mbili, nami nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa Bi Mwanate na kikombe cha kahawa mkononi, najipongeza. Nasema kweli, nilikuwa najipongeza. Siku kumi na moja programu ya kuchorea ilikuwa ikiniwekea alama nyekundu juu ya nyumba hii moja, na jana yake hatimaye nilikuwa nimeiondoa. Barua yangu ya uhamisho wa Dodoma ilikuwa kwenye mkoba. Kilichobaki ni kuona vazi limekaa sawasawa, kumuaga bibi huyu aliyenitoa jasho kwa vikao vya mchoro, kisha nishike njia yangu.

Kwa asiyewahi kuishi Mji wa Juu, kuta zetu ni za chokaa hai. Kila siku saa sita mchana zinasoma mchoro ulioko kwenye mtambo wa Kitengo cha Majenzi, na zikikuta hazifanani nao, zinajirekebisha zenyewe. Kazi yangu mimi, Sikudhani Mbwana, ni kuchora vazi, yaani ile nakshi inayofunika ukuta ndani na nje, kutoka sakafuni hadi darini, pamoja na maua yake, misuko yake na vidaka vya kuwekea vikombe. Nikichora leo, kesho mchana ukuta umevaa. Hakuna mwiko wala ndoo, na mtu anaweza kuendelea na kahawa yake.

Chokaa ilivimba polepole kama uji unaotaka kuchemka. Ikaota majani kwenye kona, ikaota maua juu ya kitanda, ikazunguka kidaka cha saa ya ukutani. Bi Mwanate alikuwa ameketi kitandani, miguu imening'inia, anatazama kwa jicho la mtu anayekagua samaki sokoni. Nikamwuliza kama anapenda. Akasema majani ni manene mno. Nikacheka, maana kwake hiyo ni sifa.

Kisha chokaa ikafika kwenye fremu ya mlango, na haikusimama.

Niliiona ikipanda juu ya ubao wa mvule, laini na nyeupe, ikiviringisha majani yake juu ya komeo, juu ya bawaba, juu ya kila kitu. Nikaweka kikombe chini. Nikaruka nikashika pete ya shaba niuvute mlango, na pete ikamezwa huku vidole vyangu vimo, nikavichomoa vimechubuka. Dakika nne, basi. Tulikuwa na chumba chenye kuta nne nzuri sana na hakina dirisha wala pa kutokea.

Bi Mwanate aliniuliza swali moja tu, tena kwa upole ulionitisha.

"Ua langu liko wapi?"

Nilijitia sijasikia.

Mumewe, marehemu Fundi Kombo, alikuwa mchonga nakshi kule Mji wa Chini kabla bahari haijauchukua. Mafundi wa kule walikuwa na desturi ya kuacha ua moja bila kulichonga, juu ya mlango. Ukiwauliza sababu wanakwambia ndivyo kazi inavyofanywa, basi. Bi Mwanate alilitaka pengo lile, nami nikamchorea. Programu ikaliona kosa. Kila nikifungua mchoro, alama nyekundu: vazi halijafunga, ua moja halipo. Nilieleza, nikaandika maelezo, nikaomba msamaha wa kanuni, ikagoma. Juzi mkuu akaniambia barua ya uhamisho haisainiwi mpaka nyekundu zangu zote ziishe. Basi nikabonyeza mara moja, ua likajaa, nyekundu ikafutika. Sikumwambia. Nilidhani hataliona mpaka nimeshaondoka.

Nisichofikiria ni hiki: pengo lile ndilo lililokuwa mshono. Vazi lilianzia upande mmoja wa mlango na kuishia upande wa pili, na mlango ukabaki salama katikati. Nilipoziba, vazi likawa duara lisilo mwanzo wala mwisho, likazunguka chumba chote bila kuruka kitu.

Utasema, kwani programu haijui mlango ni mlango? Milango ya Kitengo inaijua, ile ya kuteleza, na vazi husimama kwenye fremu zake lenyewe. Lakini huu ulikuwa wa mbao, wa Mji wa Chini, na chokaa hai hula mbao. Kanuni inaukataza. Bi Mwanate aliapa hatahamia nyumba yoyote bila mlango wake, na mimi, kwa huruma au kwa kuchoka kubishana, nikauandikisha kama pambo la ukutani. Pambo haliliwi na chokaa. Ila vazi hupita juu ya pambo. Kila mchoraji analijua hilo kama anavyojua jina lake, na nililijua mimi pia.

*

Nilimpigia Mhandisi Shekilindi, mkuu wangu wa zamu. Ni Msambaa wa Lushoto, mtu asiyepandisha sauti hata nyumba ikiungua. Nilimweleza yote, pamoja na lile la pambo. Akaniambia nimsomee kipimo cha hewa kwenye kishikwambi changu.

Kumi na tisa na nusu kwa mia, nikasema. Akaniambia nikae chini na nisizungumze bila sababu.

Vazi bichi linavuta hewa. Linapumua linapokaza, na kuta nne mbichi kwa pamoja zinapumua kuliko watu ishirini. Kwa kawaida si tatizo, mlango unakuwa wazi. Ukipita muda wa saa sita, likishakauka, hujitoboa lenyewe katikati ya kila ua na hewa inaingia vizuri kabisa. Lakini kwa hesabu ya Mhandisi sisi tulikuwa na saa moja na robo. Kipimo kikifika kumi na mbili mtu anazimia, na hapo tena hapana wa kumwamsha.

Mafundi wanne walifika nje. Niliwasikia kwa mbali, kama watu walio chini ya maji. Walitoboa kwa mashine, na tundu likaziba kabla vumbi halijatua, kwa sababu ukuta unasoma jeraha na kulirudisha kwenye mchoro. Ndiyo sifa yake kubwa. Ndiyo tunayoitangaza kwenye mabango. Wakatoboa tena, likaziba tena, na kila likiziba ukuta ulikuwa unavuta hewa zaidi ili ukaze. Mhandisi akawaambia waache.

Akaniambia kuna usomaji wa dharura, ambao hausubiri saa sita ya kesho, lakini mtambo unaukubali kwa mambo mawili tu. La kwanza ni kufuta vazi zima. Mchoro wa vazi lile unatumiwa na nyumba arobaini za mtaa, nami ndiye niliyeuchora, na tangu lifunge duara kuta zimeegemeza mapaa yote juu yake. Ukilifuta taratibu mzigo unahama kwa siku nzima bila mtu kusikia. Ukilifuta kwa dharura, mapaa arobaini yanabaki hayana kitu. Kuwatoa watu wote, na kuna wagonjwa wa kitandani wanne, kunahitaji saa tatu.

La pili ni kuuandikisha upya mlango kuwa mlango. Mtambo utauona ni wa mbao, umekatazwa, na chokaa itaula. Dakika tano. Lakini mali ya mtu haiharibiwi hivihivi, kwa hiyo linahitaji dole gumba la mwenye nyumba.

"Mwombe," Mhandisi akasema. "Mwombe vizuri, Siku."

*

Sijui kuomba vizuri. Nina mdomo wa haraka, na hofu ikinipanda nazidi kuwa mkali. Nilimwambia Bi Mwanate mambo yalivyo kama ninavyowaambia ninyi, tena kwa ufupi zaidi, kisha nikamsogezea kishikwambi. Mahali pa kidole palikuwa panawaka kijani.

Hakukitazama. Alikuwa anatazama pale mlango ulipokuwa.

Nilijua alichokuwa anakitazama, maana niliupima ubao ule kwa siku mbili nilipokuwa nauchora. Upande wa ndani, chini ya nakshi ya mumewe, kuna majina saba yaliyochongwa vibaya, herufi zimepinda, nyingine zimechanika. Aliyachonga mwenyewe kwa msumari na nyundo. Ni watu wa nyumba yake, kuanzia mumewe hadi mtoto mdogo wa mwisho, waliokwenda na maji siku moja. Yeye waliomuokota walimkuta baharini siku ya tatu, amelala juu ya mlango huo. Kati ya wale saba hakuna aliyepatikana wa kuzikwa.

"Wenzangu wana makaburi," akasema. "Mimi nina huo."

Nikamwambia najua. Nikamwambia nitayachora majina yote ukutani, makubwa, mazuri, kwa mwandiko wowote autakao. Akanitazama kama mtu aliyeletewa chai ya jana. Hapo nikashindwa kujizuia, nikamwambia ukweli: kwamba ua lake nililiziba mimi, kwa makusudi, kwa ajili ya barua ya Dodoma, kwa sababu nyekundu ile ilinikera. Nilitegemea anitukane. Ningepumua vizuri zaidi kama angenitukana.

"Na mimi je, Bi Mwanate?" nikasema. "Mimi nina miaka thelathini na moja."

Hilo lilikuwa neno la aibu, mimi niliyemfungia mwenzangu ndani kumdai aniokoe. Lakini nililisema.

Kipimo kilikuwa kumi na tano.

Bi Mwanate akaniambia nimsaidie ashuke kitandani. Tukaenda hadi pale, hatua sita, na zilituchosha kama mlima. Akaweka kiganja juu ya chokaa mbichi, akakisogeza kidogo kushoto, akakirudisha, mpaka akaridhika kwamba yuko mahali penyewe.

"Ngoja niwaage," akasema. "Nikitaja, na wewe utaje. Asije mmoja akadhani nimempita."

Akataja Kombo. Nikataja Kombo. Akakaa, akavuta pumzi, akasema maneno mawili matatu ya chini chini ambayo hayakuwa yangu. Akasogeza kiganja. Mafunda. Nikasema Mafunda. Rehani. Chumu. Kila jina lilikuwa na kituo chake na maneno yake, na mimi jicho langu moja lilikuwa kwenye kipimo. Kumi na nne. Kichwa kilianza kuniuma nyuma ya macho. Nilitaka kumwambia aharakishe na ulimi ukawa mzito, kwa uchovu au kwa haya. Mwanamize. Hapo alikaa sana. Sefu. Kumi na tatu.

Kisha mkono ukateleza ukutani, na Bi Mwanate akanilalia kifuani, mwepesi kama nguo.

Nilimwita. Nikampigapiga mashavu. Alikuwa anapumua, pumzi fupi fupi, macho yamefumba. Ilibaki jina moja. Hakuwa amesema ndiyo, wala hakuwa amesema hapana. Alikuwa amesema ngoja.

Nimeulizwa mara nyingi nilifikiria nini, na huwa nasema sikumbuki. Nakumbuka. Nilifikiria kwamba pengine alikuwa ananikubalia, na pengine alikuwa anavuta muda ili tufe sote wawili bila yeye kulazimika kukataa. Nilifikiria kwamba kama nikingoja azinduke, hatazinduka. Nilifikiria habari ya roho yangu zaidi kuliko ya kwake. Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani mwangu, kiganja kimeangalia juu, kina chokaa. Nikaufuta kwa kanga yake, maana mtambo haupokei kidole kichafu. Dole gumba lilikuwa na joto. Nikalishika, nikaliweka.

Kijani kikazima. Mtambo ukaandika asante.

Ukuta ukaguna. Nakshi iliyokuwa juu ya mlango ikalegea, ikawa kama tope, na nyuma yake nikausikia ubao ukiliwa, sauti ya mchwa wengi mno kwa mara moja. Kabla haujaisha niliuona kwa kitambo kidogo, chokaa ilipotelemka: majina yale, herufi zake zilizopinda, yakiingia weupe moja baada ya jingine kuanzia juu. La mwisho lilikuwa chini kabisa, karibu na kizingiti. Kisha jua likaingia, na mikono ya watu, na Mhandisi Shekilindi aliyekuwa analia bila kupandisha sauti.

*

Baraza la mtaa lilikaa baada ya siku tisa. Lilitaka kujua kuhusu pambo, na nikajibu. Nikapewa adhabu yangu, mwaka mmoja bila kuchora, na ilinistahili. Kisha mwenyekiti akauliza kuhusu kidole. Hati ya mtambo ilionyesha Bi Mwanate ameridhia saa saba na dakika kumi na moja. Hati ya kipimo ilionyesha kwamba kwa hewa ya saa saba na dakika kumi na moja mzee wa umri wake hawezi kuwa macho. Mwenyekiti akavua miwani akanitazama. Nilisimama niseme.

Bi Mwanate alikuwa kwenye kiti cha mbele, amejitanda kanga hadi kwenye nyusi.

"Kidole ni changu," akasema.

Mwenyekiti akamwuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba anavyo kumi na anavijua vyote. Watu wakacheka, shauri likafungwa, nami nikabaki nimesimama na maneno yangu mdomoni. Siku hiyo nilielewa kwamba nimefungiwa mara ya pili. Nikisema ukweli sasa, nitakuwa nimemgeuza yeye mwongo mbele ya mtaa mzima.

Nilimkimbilia nje nimshukuru. Akanikata kabla sijafungua mdomo.

"Usinishukuru. Sikutaka waseme mlango wangu ulichukuliwa. Waseme niliutoa." Akatembea hatua kadhaa, akasimama. "Nilikuwa naja, Siku. Alibaki mmoja. Hukuningoja."

Nikamwuliza anataka nifanye nini. Niliuliza kwa moyo wote, na yeye alijibu kana kwamba alikuwa amelipanga siku zote tisa. Niende kwake kila siku saa sita, kuta zinaposoma mchoro. Nikae pale palipokuwa na mlango wake, nisome majina kwa mpango wake. Sita. La saba nalijua, nililiona ubaoni siku nyingi, lakini nisilitaje kamwe. Hilo atalitaja mwenyewe. Kidole nilimchukulia, akasema, jina sitamchukulia.

Barua ya Dodoma iliisha muda wake kwenye mkoba.

Ni mwaka wa tatu sasa. Nimerudishiwa kazi, nachora, na juu ya mlango mpya wa Bi Mwanate kuna pengo la ua moja. Kila asubuhi programu inaniwekea nyekundu, kila asubuhi naiangalia na kuiacha hapo. Saa sita nakuwa kwake. Kuna siku nilikwenda na homa, kuna siku nilikwenda nimenuna, siku nyingine nilikwenda nikimchukia, kwa nini nisiseme. Ninasoma: Kombo, Mafunda, Rehani, Chumu, Mwanamize, Sefu. Nanyamaza. Yeye kutoka kitandani anasema lake, taratibu, kisha anauliza kama kahawa ipo.

Wiki iliyopita alikuwa hainuki tena kitandani. Macho yalikuwa wazi, ananifuata nayo chumbani, lakini sauti ilikuwa imemwacha tangu Ijumaa. Nilikaa mahali pangu. Kuta zikasoma, zikatulia. Nikataja sita, nikanyamaza.

Midomo yake ilitembea. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, akajaribu na mara ya tatu, na shingo ikamkaza kwa juhudi. Jina nilikuwa nalo, liko kwenye ncha ya ulimi, silabi tatu tu, na mtoto yule hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwita. Nilibana meno. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Kisha mkono wake ukatoka chini ya shuka. Ulichukua muda kunifikia. Ukapapasa mkeka, ukapata mkono wangu, ukaukunjua vidole kimoja kimoja, na akaweka dole gumba lake katikati ya kiganja changu. Akabonyeza. Hakuwa na nguvu, lakini alibonyeza.

"Hatibu," nikasema.

Akafumba macho, akaliacha dole pale pale.